Kidonge Chini ya Ulimi

Baba mkwe wangu alipenda salamu kuliko chakula. Wameru wote husalimiana, nakubali, na sisi Wachaga wa Machame si mabubu, lakini mzee yule alizidi. Kutoka nyumbani kwake, juu ya Nkoaranga, hadi kanisani ni mteremko ambao mtoto anaushuka kwa mbio kabla kengele haijanyamaza. Yeye aliondoka kungali na ukungu. Kila aliyekutana naye alisimamishwa akaulizwa habari za nyumba, za watoto, za ng'ombe, za migomba iliyoangushwa na upepo. Kisha yeye naye akaulizwa hayo hayo, akajibu moja moja, kwa sauti, akimtazama mtu usoni. Kumjibu mtu huku una kitu mdomoni, awe mkubwa au mdogo, kwake ilikuwa sawa na kumwambia kwamba hana thamani. Wanawe walizabwa makofi kwa kosa hilo, na mume wangu akiwa mmoja wao alinisimulia akishika shavu, kana kwamba bado linawasha.

Niliolewa katika nyumba ile miaka ya mwisho ya Mwingereza. Mume wangu alikuwa ameajiriwa dukani kwa Mhindi mjini Arusha, amepanga chumba Kijenge, na mimi akaniacha mlimani kwa wazazi wake nichume kahawa yao na nikate majani ya ng'ombe wao. Sikufurahi, na sitasema hapa kwamba nilifurahi. Nilikuwa nimesoma shule ya misheni, nilijua Kiswahili cha kusoma na kuandika, nikajikuta nashindana na migomba.

Na mzee sasa. Mimi naye tuliishi boma moja kama watu wa nchi mbili. Mke wa mwana hali mbele ya baba mkwe, hapiti mbele yake, humpisha njiani akaingia majanini, na kumgusa ni jambo ambalo hata halitajwi, kwa sababu hakuna anayelifikiria. Naye hasemi nami uso kwa uso. Alipotaka maji alimwambia mama mkwe, nami nimesimama pale pale nimesikia kila neno, nangoja niambiwe upya ndipo niende. Mwanzoni nilikuwa nikitoka nje kucheka. Baadaye nikazoea.

Ugonjwa ulianza msimu wa kahawa. Mzee alikuwa akipanda na gunia begani, akasimama, akageukia kichaka kama mtu aliyeona kitu. Alisimama hivyo kitambo, halafu akaendelea. Siku nyingine akasimama tena. Mama mkwe ndiye aliyemwona uso, akaja jikoni, akasema uso wa mzee umekuwa wa majivu na jasho linamtiririka, na asubuhi yenyewe ilikuwa ya baridi kali. Alipobanwa na maswali, mzee alikiri. Akipanda kilima, alisema, ni kama mtu amemkalia kifuani. Maumivu yanapita begani, yanashuka mkono wa kushoto, yanapanda hadi kwenye taya. Akipumzika mtu yule anaondoka.

Mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, kwa hiyo ni mimi niliyempeleka hospitali ya misheni, nikitembea nyuma yake mbali kama inavyotakiwa. Daktari alikuwa Mzungu mwembamba aliyezungumza Kiswahili safi kilichotokea puani. Alisikiliza kifua, akauliza maswali, kisha akaeleza kwamba mishipa inayoulisha moyo wenyewe imekuwa myembamba. Mtu akiketi, damu inayopita inatosha. Akipanda kilima, moyo unadai zaidi na haupati, basi unalia. Akatoa kichupa cha kahawia chenye vidonge vidogo, vidogo kuliko punje ya mtama.

"Ukibanwa, kaa chini papo hapo," alisema. "Weka kimoja chini ya ulimi. Usitafune. Usimeze. Kiache kiyeyuke chenyewe. Kikipita tumboni hakina kazi tena. Maumivu yakibaki, weka cha pili, halafu cha tatu. Yakikataa na hapo, uletwe hapa hata kwa kubebwa."

Akaongeza, nadhani kwa mzaha, kwamba dawa ile imetokana na kitu kile kile wanachopasulia miamba. Laiti angenyamaza. Mzee aliwahi kuona mwamba ukipasuliwa wakati barabara ya chini inatengenezwa, na tangu siku ile alikishika kichupa kwa ncha za vidole na hakupiga chafya akiwa nacho mfukoni.

Maelezo hayo yote niliyarudia kwa Kimeru changu cha kuokoteza, nikiutazama ukuta. Neno ulimi lilinikwama. Jaribu wewe kumwambia baba mkwe wako habari za ulimi wake.

Dawa ilifanya kazi. Alibanwa shambani, katikati ya mikahawa, akaketi, akaweka kidonge, na kabla mama mkwe hajamaliza kupiga mayowe mzee alikuwa anamwambia anyamaze. Kichwa kilimgonga, uso ukamwiva, lakini kifua kiliachia. Siku nyingine ilikuwa kwenye zizi, na vivyo hivyo. Tulishukuru Mungu, tukamshukuru na Mzungu.

Halafu ikaanza kukataa. Na ilikataa mahali pamoja tu: njiani. Nyumbani kidonge kilitibu, njiani kilishindwa. Mzee alirudi kutoka kanisani au kwenye ushirika akijikokota, amekula vidonge viwili, vitatu, na bado mkono umebana kifua. Akajitupa kitandani hadi jioni.

Watu wa ukoo wakakaa kikao. Na watu wakikaa kikao juu ya jambo wasilolielewa, lazima mtu apatikane wa kubebeshwa. Njia ile, walisema, inapita chini ya mgomba wa nani? Kila mtu alijua. Inapita chini ya shamba la mdogo wake mzee, yule ambaye mzee hakumsalimu. Walikuwa wamegombana juu ya mpaka, kabla mimi sijaolewa. Mzee alisema mdogo wake ameng'oa masale, ile mimea ya mpaka iliyopandwa na baba yao, na kuyapanda hatua kadhaa ndani ya shamba la mzee. Kwetu huku, isale ndilo linalosema ardhi hii inaishia hapa, na anayelihamisha amemtukana marehemu aliyelipanda. Mdogo mtu alikana. Tangu hapo walipishana njiani kama vivuli, na kanisani mmoja alikaa upande huu na mwingine upande ule. Mtu aliyesalimia hata watoto wa kubebwa mgongoni alimpita ndugu yake wa tumbo moja akitazama miti.

Kwa hiyo kikao kilipata jibu lake. Mdogo mtu ameweka kitu njiani. Washarika wa Kilutheri, watu wa kipaimara, nawatazama hivi wanakubaliana kwamba kuna kitu kimefukiwa kwenye kona ya mgombani, nacho kinaiua dawa. Kijana mmoja wa ukoo alitaka waende wakafukue, na kama hawaoni kitu, wamfukuze mwenye shamba. Mzee hakusema ndiyo wala hapana. Hilo liliniogopesha kuliko kelele zao. Niliona watu watakatana mapanga, na mzee atakufa vilevile.

Tukarudi kwa daktari. Nilieleza kwamba dawa inakubali nyumbani na kukataa njiani. Habari za kona sikuzitaja, nilikuwa na haya. Daktari alikunja uso. Alisema kama vidonge vinashindwa kilimani, basi huenda moyo umechoka kuliko alivyodhani, na mzee asipande tena. Atafutiwe mahali pa kuishi huku chini, kwenye tambarare. Akataka kumpa kichupa kingine. Mzee akakataa kwa mkono. Ya nini, alisema, nami nikatafsiri. Dawa hii imeshindwa, na kwangu sihami, hata nikienda kufa nitafia kwenye migomba yangu. Mfukoni mwake kichupa cha zamani kilikuwa na vidonge vitatu.

Tukaanza kupanda. Ilikuwa siku ya soko la Tengeru, na hilo hatukulifikiria tulipotoka nyumbani. Sisi tunapanda, na mlima mzima unashuka: akina mama na mikungu ya ndizi vichwani, wazee na fimbo, mbuzi wa kuuzwa. Mzee alikuwa mbele, mimi nyuma na kikapu. Alisalimia, akasalimiwa, akasimama, akaendelea. Nikaona bega la kushoto linashuka. Nikaona anasimama pasipo mtu wa kumsalimia.

Aliketi kwenye ukingo wa njia, chini ya ile kona ya mgombani. Ningesimama kule nyuma nilikozoea, ningeona mgongo tu, kama siku zote. Lakini kikapu kilikuwa kizito na mahali pa kukitua palikuwa hapo mbele kidogo, nikapita, nikageuka, na kwa mara ya kwanza nikamwona uso wakati wa shida. Ulikuwa rangi ya ugali wa jana. Alitoa kidonge, akainua ulimi kama alivyofundishwa, akakiweka.

Mama mmoja jirani akatokea na mkungu wake. Akamsalimu mzee. Na mzee, macho yamemtoka kwa maumivu, akafunga mdomo, koo likapanda, likashuka, akajibu. Alijibu vizuri, habari zote, nyumba, watoto, ng'ombe. Yule mama akaridhika akaenda zake.

Nilisimama pale kama nimepigwa na kitu. Amemeza. Huyu mzee anameza. Kila siku, njiani, anaweka dawa ya kumponya na akipita mtu wa kwanza tu anaimeza ili mdomo uwe safi wa kumjibu! Hakuna kilichofukiwa. Nilitaka kucheka na kulia pamoja, na zaidi ya yote nilitaka kumpigia kelele.

Tayari alikuwa anaweka cha pili. "Baba," nikasema, na kumsemesha vile tayari lilikuwa kosa, "usimeze, nakuomba, usimjibu mtu." Hakunitazama. Wazee wawili walikuwa wanashuka. Waliona mwenzao ameketi, wakasogea kwa heshima zote, wakasalimu. Nilisema, "Wazee wangu, baba anaumwa," lakini nilisema kwa sauti ya mke wa mwana, ile ya kuongea na vidole vya miguu, na haikusikika. Koo likapanda, likashuka. Akajibu. Safari hii alijibu kwa pumzi za kukatika, na wazee wakashangaa, wakamuuliza ana nini, naye akajibu na hilo.

Kilibaki kimoja. Alikiinua kichupa mdomoni kikagonga meno yake. Hospitali ilikuwa mbali huko chini, nyumbani mbali huko juu, na njia nzima imejaa watu wenye adabu.

Kidonge kilipoingia nilitoka nikasimama katikati ya njia, nikanyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe. "Piteni!" nikapiga kelele. "Piteni kimya! Asimsalimie mtu!" Akina mama wakasimama, mikungu ikayumba. Mmoja akasema, huyu mwali wa Kichaga amepata wazimu. Mwingine akamwambia mwenzake kwamba namnyima mzee salamu mchana kweupe, na wazazi wangu lazima ni watu wa ajabu. Nikasema wazimu wangu watausikiliza kesho, leo wapite. Wakapita, wakinitazama kama mwizi.

Kelele zangu ndizo zilizomtoa mdogo wake shambani. Alitokea juu ya ukingo, panga mkononi, majani ya migomba begani. Nilipoona panga nilidhani habari za kikao zimemfikia. Aliteremka. Alimtazama kaka yake, ule uso, ule mkono kifuani. Akaweka panga chini. Kisha akafungua mdomo akamsalimu.

Alisalimu kwa salamu kamili, ya mdogo kwa mkubwa wake. Miaka yote ile nilikuwa katika nyumba yao na sikuwahi kuisikia.

Nikamwona mzee. Macho yalijaa. Midomo ikafungwa, koo likajiandaa, na nikajua anachotaka kufanya: atameza kidonge cha mwisho ili amjibu ndugu yake, na atakufa akijibu. Sikufikiri. Nilipiga magoti mbele ya baba mkwe wangu, nikamziba mdomo kwa kiganja, na kwa mkono mwingine nikamshika kidevu kisishuke.

Nilisikia sharubu zake kwenye kiganja. Alinishika kifundo cha mkono akavuta. Alikuwa na nguvu bado, naye alikuwa amekasirika, na macho yake yalikuwa karibu na yangu kuliko macho ya baba mkwe yeyote yalivyowahi kuwa na mke wa mwanawe. Sikuachia.

Mdogo wake alirudi nyuma hatua. "Amekataa," alisema. "Hata leo amekataa." Akainama kuchukua panga lake aondoke.

"Hajakataa, baba mdogo!" nikasema bila kugeuka. "Ana dawa chini ya ulimi. Akikujibu anaimeza, na akiimeza haina kazi, na hana nyingine. Kama unataka akujibu, kaa hapo umsubiri."

Sikuthubutu kumtazama. Nilisikia majani ya migomba yakianguka chini, halafu nikasikia mtu anaketi kwenye ukingo, upande wa pili wa mzee, karibu.

Tulikaa hivyo. Watu waliendelea kushuka, nao walipoona picha ile, mwali amemziba mkwewe mdomo na adui yake ameketi pembeni akiangalia, walinyamaza wenyewe bila kuambiwa. Nilifikiria jambo moja tu: mzee akifia chini ya kiganja changu, mlima mzima umeona ni nani aliyemuua. Sitapata pa kwenda, si Meru, si Machame. Jasho lake lilinilowesha vidole. Pumzi ya puani ilikuwa fupi, ya kukwaruza, nami nilikuwa naisubiri kila moja kwa hofu kwamba ndiyo ya mwisho. Baba mdogo alikuwa anaomba kwa sauti ndogo, akirudia maneno, akijikosea.

Vidole vya mzee vikalegea kwenye kifundo changu. Nikasema moyoni, basi, amekwenda. Lakini vidole vile havikuanguka. Vilikuwa vimeacha tu kuvuta. Mshipa wa paji la uso ukavimba, mashavu yakaanza kuiva, na ile rangi ya ugali ikaondoka taratibu kuanzia kwenye masikio. Pumzi ikarefuka. Akavuta moja ndefu, akaishusha, na mkono wake wa kulia ukatoka kifuani ukalala juu ya goti.

Nikaondoa kiganja. Mzee akafungua mdomo, akainua ulimi, akanionyesha, kama mtoto anayethibitisha kwamba amemaliza. Hapakuwa na kitu.

Kisha akamgeukia mdogo wake na kumjibu. Hakuruka hata kipande kimoja. Alijibu salamu, akaulizia nyumba, akaulizia watoto, wengine wakiwa wameoa na kuolewa bila yeye kualikwa, akaulizia ng'ombe, akaulizia migomba iliyokuwa juu ya vichwa vyetu. Baba mdogo alijibu kila swali huku machozi yakimdondoka waziwazi. Nami nilikuwa bado nimepiga magoti kwenye vumbi, nikingoja adhabu yangu.

Walipomaliza, mzee alijaribu kusimama, kizunguzungu kikamrudisha chini. Akamwambia mdogo wake, "Mwambie mke wa mwanetu aniinue."

Mwanetu, alisema. Baba mdogo alishindwa kulitoa neno lile mara ya kwanza. Akapangusa uso kwa kiganja, akanigeukia kwa utaratibu wote, kama vile sikuwepo hapo nasikia, akaniambia, "Baba yako anasema umwinue." Nikamshika mkono wa kulia, yeye akamshika wa kushoto, tukaanza kupanda.